Sufu Laini Haipimwi kwa Vidole

Mwanangu Hadija,

Umeshuka Chidya kumuaga bibi yako, baba yako yuko shambani anapuliza salfa kwenye mikorosho, na nyumba imenyamaza. Nimetandika mkeka barazani, nimeweka karatasi juu ya sinia, naandika haraka kabla hujarudi. Ukinikuta utaniuliza, "Mama, unaandika nini?" nami nitaficha, na nikishaficha sitaandika tena.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta, wala kutokula ovyo njiani, wala kutuma ujumbe ukifika Songea. Hayo utayapata kesho asubuhi kwa midomo ya watu wote wa mtaa huu, na yatakutosha hadi Makete. Nataka kukueleza nilivyojifunza kuchagua sufu. Unakwenda kuifanya kazi hiyo mbele ya watu waliozaliwa katikati ya kondoo, na wewe umeipata kwangu, na mimi niliipata kwa kukosea. Kila nilichokufundisha ulikipokea kikiwa kimeiva. Hukuona vilivyoungua.

Unajua ulizaliwa kabla ya wakati. Jina lako lenyewe linasema hivyo. Maalimu alimweleza baba yako kwamba Hadija kwa Kiarabu ni mtoto aliyewahi kuzaliwa, na baba yako akacheka mpaka akakaa chini, akasema basi jina limemtafuta mwenyewe. Lakini hujui ilivyokuwa, kwa sababu ulipokuwa mdogo sikupenda kukueleza. Niliogopa utajiona kama mtu wa kuazimwa.

Kilikuwa kipupwe kama hiki. Unaujua ukungu wetu wa Newala, unavyopanda alfajiri kutoka bonde la Ruvuma ukaingia ndani bila hodi, na upepo nyuma yake. Watu wa mbali wakisikia kusini wanadhani kote ni joto. Katika baridi hiyo ulitoka wewe, ngozi imekunjamana kama ya kizee, kila mguu unene wa kidole changu gumba. Muuguzi alikufunga kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akaniambia, "Mama, wewe ndiye moto wake, usimtoe hapo. Na kichwa kifunike, joto linatorokea kichwani. Ukipata kofia ya sufu ndiyo vizuri zaidi."

Nikaitikia "haya" kama mtu anayejua. Sufu! Labda nilikwisha kuishika maishani mwangu, lakini kama niliishika sikuijua jina.

Bibi yako alikuja kutoka Chidya siku ile ile. Alikaa pembeni mwa kitanda, mikono ndani ya kanga, hakukugusa. Alikutazama muda mrefu, halafu akaniambia polepole, "Mwanangu, huyu usimzoee."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Nimeshamzoea, Mama. Kama hukuja kumwona, nenda nje." Akaenda nje. Mama yangu mzazi, na wodi nzima inasikia. Sasa ninajua kwamba alikuwa amezika watoto kabla yangu mimi, na kila mmoja alikuwa amemzoea, na alikuwa akinipa kitu pekee alichokuwa nacho. Hata hivyo, Hadija, nikirudishwa kwenye kitanda kile leo nitamjibu vile vile. Pengine kwa sauti ya chini kidogo.

Baba yako akaenda mnadani, akarudi na sweta la mtumba, la kijivu, zito, lina harufu ya ghala. Tulilipapasa wote wawili tukasema ni laini. Mama Bernadeta, jirani yetu, alikuwa fundi wa kufuma vitambaa vya meza. Akalifumua lile sweta, akafuma kofia ndogo kama ganda la chungwa. Tukakuvisha tukafurahi. Kesho yake paji lako la uso limevimba, vipele vimetapakaa hadi masikioni, na wewe unalia kwa sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Muuguzi akaivua, akaisugua kwenye mkono wake, akanitazama. "Hii inachoma," akasema. "Hukuipima?"

Nilikuwa nimeipima. Nilipima kwa hivi vidole.

Unavijua vidole vyangu. Nimebangua korosho tangu usichana wangu, na yale mafuta ya ganda yanababua ngozi, inavuka, inaota nyingine, inababuka tena, mpaka mwisho inayoota siyo ngozi tena, ni kitu kingine kinachofanana nayo. Unakumbuka tuliposajili laini yangu ya simu, mashine ikakataa kunitambua, yule kijana akaniuliza, "Mama, alama zako ziko wapi?" Nikamwambia ziko kwenye korosho walizokula watu. Ulinibana kiwiko nisiendelee. Basi ndivyo ilivyokuwa na lile sweta. Nilitaka kujua ulaini kwa kutumia vidole vilivyokwisha kufa, na baba yako vyake ni vya jembe. Wewe ukalipa kwa ngozi yako.

Siku niliporuhusiwa kwenda nyumbani sikwenda nyumbani. Nilipitia sokoni, wewe kifuani ndani ya kanga mbili, na Mama Bernadeta nyuma yangu ananisihi. Nilifika kwenye rundo la masweta nikachukua la kwanza nikaliweka shingoni, hapa chini ya taya, mahali ambapo kazi haijawahi kufika. Linachoma. Nikaweka chini, nikachukua jingine. Linachoma. Jingine. Muuzaji akanivumilia, halafu akachoka.

"Mama, unanunua au unanusa?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Nanunua. Subiri."

Mama Bernadeta akaninong'oneza, "Twende, mwenzangu. Ni aibu, mzazi hajatoka hata arobaini."

"Aibu ya nani?" nikamuuliza. Nikaendelea. Nilifika mpaka chini ya rundo, na huko chini kulikuwa na sweta la rangi ya maziwa, limetobolewa na wadudu mgongo mzima. Nilipoliweka shingoni nikasahau kwamba liko shingoni. Muuzaji akasema, "Hilo tambara tu, nilikuwa nataka kulitupa." Nikamwambia, "Nitupie mimi." Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba wadudu nao wanachagua. Wakikuta sweta gumu na sweta laini sanduku moja, wanajua la kuanzia.

Kofia iliyotoka kwenye tambara lile uliivaa kipupwe kizima. Vipele vikaisha. Ukanyonya, ukanenepa, ukaanza kunipiga mateke ndani ya kanga.

Huo ndio mwanzo wa kazi hii. Watu hudhani niliona biashara. Sikuona biashara yoyote. Nilikwenda wodini kurudisha shuka niliyokuwa nimeazima, nikamkuta mama mwingine kitanda kile kile, mtoto wake kafungwa kichwa kwa kitambaa cha pamba kilicholowa. Nikarudi sokoni kupima masweta shingoni. Mara hii yule muuzaji hakucheka, alinisogezea kigoda.

Lakini mtumba ni kigeugeu. Kuna uzi unaofanana na sufu, unalala vizuri shingoni, na ni plastiki. Mtoto anatoka jasho ndani yake, halafu jasho linakuwa barafu. Nilifuma kofia nyingi za namna hiyo kabla sijajua, na nikizikumbuka mpaka leo nasikia uchungu. Mama Bernadeta ndiye aliyegundua. Ncha ya uzi iliangukia kaa la moto, ikayeyuka ikawa kitone cheusi kigumu. Tukachoma uzi wa lile tambara langu, nao ukanuka nywele zilizoungua, ukawa majivu. Tukatazamana. Tokea siku hiyo hapana uzi ulioingia nyumba hii bila kupita motoni, na ndiyo sababu wewe ungali mtoto mdogo ulidhani kila nyumba inanuka nywele.

Basi nikataka sufu yenyewe, kutoka kwa kondoo, nisokote mwenyewe. Kondoo wetu wa huku wana nywele fupi kama mbuzi, hawafai. Rafiki wa baba yako, dereva wa lori la mbao, akaniambia huko Makete, kwenye milima ya baridi, wapo wenye manyoya ya kufumbata, na wenyewe wakishachinja wanayachoma moto. Nikamwomba aniletee mfuko. Alipouleta nikachagua kwa macho. Nilitenga yaliyo meupe kuliko yote, marefu kuliko yote, yanayong'aa, nikaona ndiyo bora. Kumbe ni ya mapajani, magumu kuliko yote. Yaliyokuwa mafupi, ya rangi ya vumbi, yenye mafuta na takataka, hayo ya begani, ndiyo laini, niliyatupia migomba kama mbolea.

Hayo meupe nayo nikayaharibu. Nilichemsha maji yakatokota, nikatia manyoya na sabuni, nikayapigapiga na kuyafikicha kama ninavyofua suruali za baba yako za shambani. Nilipoyatoa hayakuwa manyoya tena. Yalikuwa yameshikana kitu kimoja, kizito, kigumu, hata kwa kisu hakipenyeki. Nikakaa kizingitini nikalia kwa hasira. Baba yako akakichukua, akakibonyeza, akakitandika chini, akapiga magoti juu yake. "Mama Hadija," akasema, "umeshona zulia bila sindano."

Sikucheka siku hiyo. Bibi yako alipokuja akakikuta kile kipande, hakuuliza ni nini. Alikiweka chini ya magoti yake aliposwali, maana magoti yalikuwa yanamsumbua, na aliporudi Chidya hakikuonekana tena. Hatukuwa tumesemezana vizuri tangu siku ya wodi. Kipupwe kilichofuata alituma mtu aje kuniuliza kama ninacho kingine. Ndipo nilipoanza kukanda sufu kwa makusudi, kwa maji ya moto na sabuni na viganja, nikijua ninachotaka. Sufu ngumu ya mapaja ina kazi yake hapo: soli za ndapa za kuvaa ndani, mikeka ya magoti. Usimdharau kondoo kwa sababu ya paja lake. Ila usimpelekee mtoto mchanga.

Sasa nikueleze habari ya maji, kwa kuwa watakusimulia wengine na watakusimulia vibaya.

Sufu inakunywa maji, na sisi hapa maji yetu unayajua. Mwaka ule kisima cha bomba kilikuwa kinatoa kwa kubahatisha, ndoo zimepangwa tangu alfajiri. Nami nilikuwa nachota ndoo zangu kama wengine, halafu naosha manyoya mara tatu mara nne, namwaga maji. Siku moja mama mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti, wote wasikie, "Sisi tunakunywa kwa kupimiana, na mwenzetu anamwogesha kondoo asiyekuwepo!" Kicheko kilichotokea hapo nakisikia hadi leo. Mwingine akasogeza ndoo yangu nyuma kwa mguu. Kwa mguu, Hadija. Niliirudisha mahali pake, nikasimama pembeni yake mpaka zamu yangu ikafika, nikajaza, nikajitwika, nikaondoka sijamwaga hata tone.

Nyumbani nilifoka. Baba yako akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wana haki."

"Wamenitukana!"

"Wamekutukana, na wana haki. Hayo mambo mawili, usiyafunge fundo moja."

Alikuwa sahihi, na kilichonikera ni kwamba alikuwa sahihi kwa upole. Nilikuwa nimezoea kupambana na kila anayenipinga, kwa sababu wa kwanza kunipinga walitaka nikuache ufe. Basi kila aliyenipinga baada ya hapo nilimwona ana sura ile ile. Wale akina mama hawakuwa na neno na sufu yangu. Walikuwa na kiu. Tukauza mbuzi wetu, tukajenga lile tangi la maji ya mvua nyuma ya jiko, na tangu hapo sikuosha sufu kwa maji ya foleni. Manyoya yanangoja masika. Na maji ya kusuuzia yanakwenda kwenye migomba, ambayo inanawiri kupita ya jirani wote. Lakini sikumwendea yule mama kumtaka radhi, wala yeye hakuja kwangu kwa kile kicheko. Tunaamkiana tu. Inatosha.

Rangi nayo ilinifedhehesha mara nyingi, nikupe moja. Mfanyabiashara wa Masasi alitaka skafu nyeusi, nyingi. Nikachemsha magome ya mkorosho na misumari yenye kutu, nikatia uzi wangu laini kuliko wote, ule wa manyoya ya kwanza ya mwanakondoo. Nilitaka weusi ukolee, nikazidisha misumari, nikazidisha moto. Weusi ulikolea, ulishinda hata usiku. Na uzi ulipokauka ulikuwa kama makumbi ya nazi. Yule bwana aliweka skafu shingoni, akaitoa, akanirudishia. Kutu inakula sufu, na moto wa ghafla unaishtua. Wewe hujafanya kosa hilo kwa sababu tangu ulipoanza kushika kijiti cha sufuria nilikusimamia: shabu kidogo, maji ya vuguvugu, moto upande taratibu, na uzi upoe humo humo ndani. Ulikuwa unanung'unika kwamba nakuchelewesha. Sasa unajua nilichokuwa nakitazama ndani ya sufuria.

Na kofia za watoto waliowahi hatutii rangi. Hilo huko watakushangaa, watasema hazipendezi. Waache.

Huko unakokwenda Mama Sanga atakupokea. Nimezungumza naye kwa simu miaka yote hii bila kumwona sura, namjua kwa kikohozi chake na kuku wake wanaolia nyuma. Ni mtu mzuri. Lakini ananitumia mifuko iliyochanganyika, bega na mkia, mzee na mwanakondoo, mzima na mgonjwa, na nikimwambia anacheka, "Mama Hadija, manyoya ni manyoya!" Hawezi kuona ninachokitaka mpaka mtu aende akasimame pale kondoo anaponyolewa, amfungue manyoya begani, halafu ubavuni, aseme hili weka hapa, hili weka kule. Mimi siwezi tena kwenda. Mgongo wangu hauvumilii safari, na vidole vyangu huko havina maana. Wewe vidole vyako nimevilinda. Ulikuwa unalalamika kwa nini wenzako wanabangua korosho wanapata fedha ya mafuta na hereni, na mimi nakukataza hata kuokota ganda. Watu walisema namlea binti mvivu. Nilikuwa nalinda ngozi ya hivyo vidole.

Tazama mikunjo. Manyoya laini yana mawimbi madogo madogo yaliyosongamana, kama nywele zilizofumuliwa sasa hivi kutoka kwenye msuko. Yakinyooka, shaka. Halafu shika kishungi cha manyoya ncha hadi ncha, kisogeze sikioni, ukivute ghafla. Kikinyamaza, chema. Kikilia kama kijiti kikavu, kimekatika ndani, hata kama kwa nje kinapendeza. Yule kondoo aliugua au alishinda njaa msimu ule. Mwenye kondoo atakukatalia. Atasema hakuwahi kuumwa. Usibishane naye, mvutie tena asikie mwenyewe. Na mwisho, shingoni. Hata kama vidole vyako ni vizima, mwisho ni shingoni. Watakucheka, kwa hiyo anza siku ya kwanza, wachoke mapema.

Nilitaka niishie hapa, lakini lazima niseme juu ya Ijumaa.

Najua umeumia kwa maneno ya mjomba wako. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye kauli, na Mjomba Saidi hakutumia kauli yake kwa ubaya. Alipanda kutoka Masasi na furaha yake, amekutafutia nafasi chuo cha ualimu, ada ametaka kubeba yeye. Akakuta mzigo wako umekwisha kufungwa. Mtu yeyote angekasirika.

"Kondoo!" alisema. "Msichana aliyefaulu, aende akashike mikia ya kondoo kwa watu! Dada, sufu ni ya nchi za baridi. Sisi Mungu ametupa korosho."

Nikamwambia, "Korosho umepewa wewe, kaka, unayezipima kwa mizani. Mimi nilipewa maganda."

"Unanitukana mbele ya mama?"

"Nakuonyesha mikono yangu mbele ya mama."

Baba yako alitazama chini, kama inavyompasa mkwe. Ndipo wewe ukasema, na mpaka leo sijui ulitoa wapi utulivu ule. Ulisema, "Mjomba, ualimu ni kazi ya heshima. Lakini nikienda nitakuwa mwalimu mbaya, na wewe utakuwa umelipia mwalimu mbaya." Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Mjomba wako akageuka kwa bibi. Alijua bibi yako akisema neno limekwisha. Na mimi nilijua pia, nikaogopa, maana mama yangu hajawahi hata mara moja kusimama upande wangu mbele ya kaka yangu.

Akakohoa, akanyoosha miguu. "Saidi," akasema, "huyu nilimtazama siku aliyozaliwa, nikasema hataishi. Nilisema kwa uhakika kabisa, kama unavyosema wewe sasa. Mimi ni mzee, sina nafasi ya kukosea kwake mara ya pili. Aende."

Halafu mjomba wako akasimama, akavaa viatu vyake mlangoni, akasema tukipita Masasi tusimgongee. Akaondoka bila kula, na wali ulikuwa tayari.

Sikukueleza nilichofanya baada ya hapo. Ulidhani nimekwenda jikoni. Nilimfuata bibi yako uani, nikamshika mkono. Yeye akasema, "Maneno yangu ya wodini uliyashika muda mrefu sana." Nikamwambia, "Na wewe ulinifunza kushika." Akacheka. Mama yangu alicheka nami, Hadija, uani kwetu, kwa sababu yako.

Kwa hiyo kesho mkipita Masasi usimgongee mjomba wako, kama alivyotaka. Lakini usimchukie. Idi ikifika mpigie umpe shikamoo yake. Akikata simu, Idi nyingine piga tena. Mimi nilimwekea mama yangu kinyongo tangu ukiwa kifuani mpaka umekuwa mtu mzima, na nilichokipata ni hiki tu: nilikuwa sahihi, peke yangu, muda mrefu. Ukaidi nimekupa, siuombei radhi, ndio uliokuweka hai. Ila uangalie unaukaidi mlango upi. Si kila aliyefunga mlango amekufungia wewe.

Na kama Makete itakushinda, kama baridi itakuingia mifupani, kama Mama Sanga ni mwingine na sauti yake ni nyingine, rudi. Usikae huko kwa ajili ya kunithibitishia mimi neno. Sijakupeleka ukashinde. Nimekuacha uende kwa sababu umetaka, na kwa sababu hakuna mtu mwingine kusini yote hii anayeweza kufunga macho na kuniambia bega na paja. Hilo silisemi kwa upendo wa mama. Nimekujaribu, unakumbuka, kwa kitambaa machoni, na hukukosea.

Nasikia pikipiki. Huenda siyo yako, lakini nifupishe.

Kesho stendi watakuwepo wote. Waliokuja kukuaga, na waliokuja kutazama nani kavaa nini. Watauliza, unawajua. "Mama Hadija, binti anakwenda chuo gani?" Wengine wanajua jibu, wanataka tu wanisikie nikigugumiza. Sitagugumiza. Nitavaa kanga zangu mpya, nitasimama karibu na mlango wa basi ambapo sauti inafika kila upande, na nitawajibu wasikie mpaka wauza karanga: "Haendi chuo. Anakwenda Makete kuchagua sufu." Nikimaliza nitarudia, kwa ajili ya waliochelewa.

Watacheka. Wewe kaa dirishani, na usiinamishe uso. Watazame wote, mmoja mmoja, mpaka dereva atakapowasha gari.

Mimi mama yako,
Somoe